Nyota ya Dobi

Mimi si mtu wa kutoboa nguo nzuri. Mama yangu alikuwa na koti moja la kanisani, alilitunza kuliko alivyotunza meno yake, na sisi watoto tulijua kwamba atakayelishika kwa mikono michafu atalala njaa. Kwa hiyo siku ile bibi yangu Mrusi aliponipa mkasi mdogo na koti lake la buluu, akaniambia nitoboe tundu upande wa kulia wa kifua, nilikataa. Mara ya kwanza nilikataa kwa adabu. Mara ya pili adabu ilikuwa imepungua.

Namwita bibi yangu, ingawa hatukuwa na undugu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Lanham, huko Marekani, na Mkenya mwenzangu, nesi, huku nikifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Ejensi iliyoniajiri ilinituma Laurel, kwenye jengo la ghorofa wanakokaa wazee, nikamkuta mama mmoja mfupi, mpana, aliyekuwa ameteleza kwenye barafu akavunjika nyonga na kutiwa chuma. Alikuja Marekani akiwa tayari mjane, akimfuata binti yake wa pekee, aliyefanya kazi ya kompyuta katika kampuni iliyohudumia serikali. Kiingereza chake kilikuwa cha kuchongwa kwa shoka. Changu kilikuwa cha shule ya misheni. Palipobaki pengo tulipaziba kwa mikono, na baada ya muda si mrefu nikawa namwelewa kuliko nilivyowaelewa watu wa redioni.

Siku ya kwanza nilikusanya nguo zake chafu nikazipeleka kwenye mashine zilizo chini ya jengo. Nilipozirudisha alizipokea moja moja, akageuza kola, akanusa makwapa, akainua blauzi dirishani aione kwa mwanga. Kisha akasema, "Mashine haina macho," akaitupa blauzi ndani ya beseni. Nilipandwa na hasira. Mimi niliyefua mtoni tangu sijaota meno ya ukubwani, leo nafundishwa kufua na mzungu aliyekaa kitini. Nikavua saa, nikakunja mikono ya sweta, nikaifua ile blauzi kama alivyonifundisha mama: kola kwanza, halafu makwapa, mwili mwisho. Yeye akinitazama bila kupepesa. Nilipomaliza kukamua alitikisa kichwa kukubali, akasema neno moja la kwao, ambalo baadaye nilijua maana yake ni "inafaa." Sikuwahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo katika nyumba ile.

Mikono yake ndiyo iliyonifanya niulize. Vidole vilikuwa vimepinda, kucha nene zilizoota vibaya, nyingine hazikuota kabisa. Nilipokuwa nikimkata kucha nikamuuliza kama alizaliwa hivyo. Alicheka, akanielekeza kwenye droo ya chini ya kabati. Mle mlikuwa na furushi la kitambaa cheupe: gauni, soksi, kilemba, na koti la buluu lisilowahi kuvaliwa. Sikuhitaji kuambiwa, maana mama yangu naye alikuwa na furushi la namna hiyo chini ya kitanda. Zilikuwa nguo zake za kuzikiwa. Chini ya furushi palikuwa na kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo, nishani.

Alizimwaga kitandani. Nyingi ziling'aa vizuri, lakini hizo alizisukuma kando kwa kidole. "Hizi ni za kutokufa," akasema. "Ukiishi tu, wanakupa." Akabakiza mbili. Moja ilikuwa ya fedha, ya duara, ikining'inia kwenye utepe wa kijivu. Nyingine ilikuwa nyota nyekundu yenye askari mdogo katikati, na mgongoni ilikuwa na skrubu nene pamoja na nati bapa ya kuikazia. Hizo mbili, alisema, alizifanyia kazi.

Nilidhani ataniambia kwamba alirusha bomu. Aliniambia kwamba alifua. Katika vita vile vikubwa dhidi ya Wajerumani alikuwa luteni katika jeshi la Sovieti, si la mbele kwenye bunduki, la nyuma, kwa wapishi, waoka mikate na mafundi viatu. Kikosi chake kilikuwa cha kufua nguo na kuogesha askari, na walio chini yake walikuwa wasichana tu. Walipokea mashati yaliyogandamana kwa damu, wakayaloweka kwenye maji ya barafu, wakayachemsha kwenye mapipa, wakayarudisha mbele yakiwa makavu. Sabuni ilikuwa nyeusi, kali, ndiyo iliyokula kucha zao. Nguo isipochemka chawa hawafi, na chawa wakibaki huleta homa inayofagia kambi nzima bila risasi. "Dobi akilala," aliniambia, "jeshi halitaamka."

Nami nikamsimulia habari za babu yangu, aliyechukuliwa na Waingereza kwenda ng'ambo kwenye vita vya Bama kuendesha lori la unga. Nishani aliyopewa na mfalme wao aliifunga shingoni mwa ndama. Watu walipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba ndama angalau atatoa maziwa. Bibi yangu alicheka mpaka akashika nyonga. Halafu akafuta macho, akazirudisha zile za kutokufa ndani ya kopo.

"Babu yako alichagua mwenyewe," akasema. "Mimi sikuchagua."

Ndipo nilipojua kwa nini kopo lilikaa chini ya nguo za kaburi. Vita vilipokwisha, mwanamume aliyerudi na nishani aliitwa shujaa. Mwanamke aliyerudi nazo aliulizwa alizipata kwenye kitanda cha nani. Ndani ya treni ya kurudi nyumbani, kabla hajafika stesheni ya kwao, alifungua nati, akaitoa nyota, akachukua sindano na kulishona lile tundu lililobaki kwenye shati lake la jeshi, mtu asije akajua kwamba palikuwa na kitu. Mume aliyempata alikuwa mtu mwema, naye alimwomba jambo moja tu, kopo lisifunguliwe, majirani wasipate la kusema. Hakulifungua.

Huko Laurel kila tarehe tisa ya Mei wazee waliotoka Sovieti walikula chakula cha mchana pamoja katika ukumbi wa chini, kukumbuka ushindi wao. Mwenye meza alikuwa kanali mmoja wa mizinga aliyekaa ghorofa ya juu, kifua chake hakikubakiza nafasi hata ya kalamu kwa wingi wa nishani. Desturi yao ilikuwa hivi: baada ya chakula, kila aliyepigana alisimama peke yake, akataja cheo chake na kikosi chake, kisha akayataja majina ya wenzake wasiorudi. Majina yakianza, ukumbi wote husimama, na hakuna anayeketi mpaka yaishe. Bibi yangu hakuwahi kusimama kusema lake. Alikaa na wajane, akamimina chai. Mwaka mmoja alithubutu kusema kwamba naye alikuwa luteni. Kanali akamuuliza kikosi gani, akajibiwa, akacheka kwa sauti mbele ya watu, akasema kwamba sote tunajua wasichana wa kufua walipewa nishani kwa kazi ipi. Wanaume wakacheka naye.

"Ukafanya nini, Mama?" nikamuuliza.

"Nilimmiminia chai mpaka ikafurika mezani." Akaiokota ile nyota kitandani. "Mwaka huu nitasimama. Na nyota yangu. Bila kushikwa."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Wakati ule hakuweza kusimama bila kujishikilia hata muda wa kusali Baba Yetu. Daktari alimwambia asiachie kifaa chake cha kutembelea, kile cha miguu minne. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu guu lilikwisha kuvunjika, sasa ungemtisha na nini?

Alikuja kijana wa mazoezi ya viungo kumfundisha kuinua mguu na kuushusha. Bibi yangu alimtazama kama mtu anayeangalia mwizi akihubiri. Kuinua mguu bure, bila kazi yoyote, aliona ni upuuzi, na kijana akiondoka tu aliketi. Nilimbembeleza, nikamgombeza, wapi. Kisha nikakumbuka ile blauzi. Asubuhi moja nikaweka beseni ndani ya sinki la jikoni, nikatia maji ya moto na sabuni ya mche, nikaweka leso moja. Nikamwambia kwamba mimi sijui kuitoa alama ya kahawa. Alisimama. Alifua ile leso akiwa ameegemea sinki kwa tumbo, mikono yote miwili majini, na hakukumbuka kuogopa. Kesho yake nikaweka blauzi. Tukapanda hadi foronya, tukapanda hadi shuka. Kila siku nilimsogeza nyuma kidogo, tumbo liachane na sinki, na alijua ninachofanya, lakini hakusema kitu kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Nguo zake chafu zilipokwisha nilileta zangu, na zangu zilipokwisha nikaleta za nesi wangu.

"Hii uniform yangu umeiosha na nini?" nesi akaniuliza jioni moja kule Lanham. "Imewhite hivi?"

"Imefuliwa na luteni."

"Wee. Wewe ejensi wamekuhire umlift, umbath, umpee dawa. Sasa unamfanyisha mgonjwa dobi? Watakufire, na usiseme sikukuwarn."

"Wakinifukuza nitakuambia. Lete na ile nyingine."

Mwezi wa nne ulipokaribia kuisha akawa anafua shuka nzima na kuikamua bila kuegemea kitu. Ndipo alipolitoa lile koti la buluu kwenye furushi na kunipa mkasi, maana vidole vyake havikuweza tena kazi ndogo. Nyota ile haina pini. Skrubu yake lazima ipite ndani ya kitambaa, na nati ikaziwe kwa ndani.

Nilimpa mawazo mengine. Tuitundike kwenye mkufu. Tuishikize kwa uzi. Alinijibu kwamba nyota si hereni. Nikamwambia kwa ukali, "Mama, hili ni koti lako la safari ya mwisho. Ukilitoboa leo, utaenda mbele za Mungu na tundu."

"Mungu ameona matundu mengi," akasema. "La kwanza nililishona mimi mwenyewe, kwa aibu ambayo haikuwa yangu. Toboa."

Nikatoboa. Nilitumia ncha ya mkasi, taratibu, nikiomba kimoyomoyo mama yangu asinione kutoka alipo. Kisha nikachukua uzi wa buluu nikalizungushia lile tundu mshono wa tundu la kifungo, kama tulivyofundishwa shuleni, lisije likafumuka. Alinifuata sindano kwa macho, kila mshono. Nikaipitisha skrubu, nikaweka kwa ndani kipande cha ngozi nilichokata kwenye mkanda mkuukuu, nikakaza nati. Nyota ikakaa. Ile ya fedha nikaibandika kushoto. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, na uso wake haukuwa na furaha wala huzuni. Ulikuwa uso wa mtu anayevaa nguo za kazi.

Binti yake alitukuta hivyo, akiwa na mifuko ya vyakula mikononi. Aliweka mifuko chini. Walizungumza lugha yao, mimi nikielewa neno moja tu, "papa," yaani baba, likirudi na kurudi. Kisha binti akanigeukia mimi kwa Kiingereza, ili nipate sehemu yangu.

"Baba alimwomba asizivae. Wewe unajua nini? Nikiwa mtoto niliichukua kwa siri ile ya fedha nikaenda kuionyesha shuleni. Unajua waliniita mtoto wa nani?" Akainyooshea kidole ile nyota. "Ataanguka mbele yao, au watamcheka. Au yote mawili. Mimi sitakuja kutazama."

Nilitaka kumjibu vibaya, na jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini niliona kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bado ni yule mtoto wa shule, anamkinga mama yake kwa njia pekee aliyofundishwa, kumficha. Bibi yangu alimjibu kwa Kiingereza, nadhani ili nami nisikie: "Baba yako amekufa. Mimi bado." Binti akaondoka bila kutoa vitu kwenye mifuko.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Nilimwogesha, nikamvika, nikamchana nywele. Tulishuka na lifti, akasukuma kifaa chake hadi mlangoni mwa ukumbi, hapo akaniamuru nikiache nje. Aliingia kwa miguu yake, polepole, na hakwenda kwenye meza ya wajane. Alivuta kiti kati ya wanaume wawili wenye nishani, akaketi. Watu walitazama kifua chake, kisha wakatazama sahani zao. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa na unifomu yangu ya kazi, mweusi peke yangu mle ndani, na sikuondoka nilipotazamwa.

Chakula kikaliwa. Wanaume wakaanza kusimama, mmoja baada ya mwingine. Kila majina yalipoanza, ukumbi ukasimama, naye akasimama nao kwa kushika meza, nami nikahesabu hasara, maana kila kusimama kulikula nguvu zake. Wote walipokwisha kanali akaangaza meza akainua glasi kufunga shughuli.

Bibi yangu akasimama. Nilinyoosha mkono, akasema bila kugeuka, "Usinishike." Akaiachia meza. Mjane mmoja aliyejua Kiingereza kizuri alikuwa karibu yangu, naye akaninong'oneza kila neno.

Alitaja cheo chake. Alitaja kikosi chake, cha kufua na kuogesha. Akasema kwamba nyota alipewa kwa kuvusha mapipa yake mto huku wakipigwa mizinga, kwenda kwenye hospitali yenye homa ya chawa, na kwamba si wote waliovuka. Kanali akatabasamu, akasema kwa upole wa kujifanya kwamba wamemsikia, asante, sasa aketi apumzishe mguu.

"Sijamaliza," akasema.

Akaanza majina. Yalikuwa majina ya wasichana. Aliyataja polepole, jina la mtu na la baba yake, kama anavyoita afisa kwenye gwaride asubuhi. Kwenye jina la kwanza yule mjane wangu alisimama. Wajane wote wakasimama. Mzee mmoja mwembamba wa mwisho wa meza akasimama akivuta nguo mwilini iwe sawa. Kanali alikuwa bado ameketi. Desturi ilikuwa yake mwenyewe, yeye ndiye aliyeisimamia miaka yote, na bibi yangu alikuwa anamtazama yeye huku akiendelea kutaja. Niliona upindo wa gauni lake unatetemeka. Niliona goti linataka kukunjika. Nilijizuia kumshika, na hilo ndilo jambo gumu nililowahi kufanya katika kazi ile. Kanali akasimama.

Bibi yangu hakufupisha kwa sababu kanali amesimama. Aliendelea mpaka jina la mwisho, ukumbi wote wima kwa ajili ya madobi. Nilipogeuza uso nifute machozi nilimwona binti yake mlangoni, kando ya kile kifaa cha miguu minne, naye amesimama, mkoba umeshikwa kifuani kwa mikono miwili. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Bibi yangu alipoketi alinitaka nimletee chai, na safari hii akamiminiwa.

Alikufa majira ya baridi yaliyofuata, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa usingizini. Nilikuwa nimehamishiwa kwa mzee mwingine kule Annandale. Binti alinifuata hadi Lanham akiwa na koti la buluu mkononi, limepigwa pasi, na kiboksi cha sindano. Nyota ataibakiza yeye, akasema, haendi kuifukia. Lakini tundu lile halipendezi, watu watadhani koti limeliwa na nondo. Mimi nashona vizuri kuliko yeye. Je, naweza kuliziba?

Nilipokea koti nikaliweka magotini. Nilitia uzi kwenye sindano, kwa sababu aliyefiwa hakatazwi kitu mlangoni. Kisha nikashindwa. Nikamwambia kwamba mama yake alikwisha kulishona tundu kama hili mara moja, ndani ya treni, na alijuta maisha yake yote. Nikamwambia mimi silishoni, na kama analishona, akalishone kwake, nisione.

Aliketi kwenye kochi letu, nesi akampa chai. Baadaye alilichukua koti, akaingiza kidole kidogo ndani ya tundu, akaushika ule mshono wangu wa kuzunguka.

"Hii kazi ni yako?" akauliza.

"Ni yangu. Yeye aliikagua."

Akatikisa kichwa kukubali, akasema lile neno la kwao la siku ya blauzi. Akafunga kiboksi cha sindano. Mama yake alizikwa na tundu lake, upande wa kulia, limezungushiwa uzi wa buluu.